Kurudisha Morris Minor kama ilivyotoka kiwandani: chumvi kwanza, rangi baadaye

"Asalamu alaykum fundi. Mimi nipo Wete, Pemba. Nimerithi gari ya marehemu baba, Morris Minor ya milango miwili. Imekaa bandani miaka 11. Sasa ni nyeupe, kabla ya hapo ilikuwa buluu, na mama anasema walipoinunua ilikuwa 'kama jani la mgomba lililoanza kukauka', lakini hana hakika. Chini ya milango imeoza na rangi imefanya malengelenge. Ndani ya boneti kuna kibati kimeandikwa FBE 21, kisha nambari nyingi. Fundi mmoja ameniambia nimpe wiki tatu: atapiga grenda gari nzima, ajaze puti, apige rangi ya kung'aa, iwe kama imetoka kiwandani. Mimi nataka niifanye mwenyewe nyumbani, jioni nikitoka kazini na siku za mapumziko, na iwe kama ilivyotoka kiwandani kweli. Inawezekana? Nianzie wapi? Na rangi yake ya asili nitaijuaje?"

Waalaykum salaam ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona jambo moja linalokusumbua: unaogopa kuiingilia gari ya baba kwa pupa ukafuta kitu ambacho hakirudi tena. Hofu hiyo ni ya haki. Itunze, itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Ndiyo, inawezekana. Morris Minor inamvumilia mtu anayejifunza. Bolti zake zinafikika, injini ni ndogo na imeachiwa nafasi pande zote, na spea zake mpya bado zinatengenezwa Uingereza mpaka leo. Sehemu kubwa ya kazi utaifanya uani kwako. Zipo sehemu chache za kumwita mtu, nitakutajia waziwazi. Kwa kazi ya jioni na siku za mapumziko jihesabie miaka miwili, na usimwambie mtu tarehe ya kumaliza.

Nianze na yale maneno ya fundi wako, "kama imetoka kiwandani". Sina ugomvi naye, kwani ndivyo wateja wengi wanavyotaka. Lakini gari hizi hazikutoka kiwandani zikimeremeta namna anayokusudia. Ziliundwa Cowley, mjini Oxford, kuanzia 1948, kwa mchoro wa Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini. Zilikuwa gari za watu wa kawaida, na mwisho wa 1960 zilitimia milioni moja, gari ya kwanza ya Kiingereza kufika idadi hiyo. Rangi ilikuwa moja tu kutoka chini mpaka juu, bila ile laka angavu inayopigwa juu ya rangi za siku hizi. Mng'aro wake ulikuwa laini, unaingia ndani ya rangi badala ya kukaa juu yake. Ukiitazama kwa pembeni utaona vijidutu vidogo kama ganda la chungwa, na chini ya madigadi na ndani ya buti kazi ilikuwa nyepesi zaidi. Ukiipiga laka nene ya kisasa, gari itafanana na sahani mpya ya melamini: nzuri, lakini anayezijua Minor atajua papo hapo kwamba hii imefanywa juzi.

Sasa kile kibati. Fundi akikuambia ni nambari tu, usikubali. Ile ni barua ya kiwanda, na wewe umebahatika ya kwako inasomeka. Mwaka 1952 kampuni ya Morris iliungana na Austin, ikazaliwa BMC, na BMC ikaweka utaratibu wa herufi tatu na tarakimu mbili mbele ya nambari ya gari. F ni Morris Minor. B ni saluni ya milango miwili. Herufi ya tatu ni rangi: A ni nyeusi, C nyekundu iliyokoza, D buluu iliyokoza, na E yako ni kijani. Kisha 2 maana yake gari iliundwa kwenda nje ya Uingereza ikiwa na usukani wa kulia. Ya kubaki kwao ingeandikwa 1. Ile 1 ya mwisho ni aina ya rangi, yaani sintetiki. Kwa hiyo mama yako amekumbuka vizuri, na jani lake la mgomba lipo kwenye rekodi.

Utaratibu huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hivyo gari yako ni ya kabla ya hapo. Kuikaribia zaidi, tazama kioo cha mbele. Kikiwa vipande viwili vimegawanywa na mhimili katikati, ni ya kabla ya Minor 1000 iliyotoka 1956. Kikiwa kimoja kilichopinda kidogo, ndiyo hiyo 1000. Halafu angalia nambari ya injini yenyewe, iliyo kwenye kibati chake ubavuni mwa bloku. Ikianza na APHM ni injini ya cc 803, iliyokuwa kwenye Minor za vipande viwili vya kioo. Ikianza na APJM au 9M ni ya cc 948, ya Minor 1000 za mwanzo. Ukikuta 10MA ni ya cc 1098, iliyoanza kufungwa 1962, basi ujue injini ilibadilishwa njiani. Hilo lisikuvunje moyo. Gari iliyofanya kazi visiwani miaka yote hii na bado ina injini ya ukoo wake imetunzwa.

Ukitaka uthibitisho wa karatasi, makumbusho ya British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, yanahifadhi kumbukumbu za uundaji wa magari mengi ya BMC na hutoa cheti kwa malipo ukiwapelekea nambari ya gari. Si lazima, lakini ni kitu kizuri kuweka pamoja na picha ya mzee.

Herufi E inakuambia kijani, haikuambii kijani kipi. Hapo ndipo gari yenyewe inapozungumza. Wapiga rangi wa baadaye, yule wa buluu na yule wa nyeupe, walipiga walipoweza kufika. Tafuta wasipofika. Fungua kile kibati cha nambari taratibu, utazame nyuma yake. Toa kadi ya mlango (ule ubao wa ndani unaofunika bati) uchungulie upande wa ndani wa bati. Angalia nyuma ya dashibodi, chini ya reli za siti, chini ya kibao cha nambari cha nyuma. Niliwahi kufungua Minor moja mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, iliyokuwa imepigwa rangi ya chungwa mpaka kwenye raba za madirisha. Nyuma ya kisanduku cha dashibodi, pahala pa upana wa kiganja, palikuwa na kijivu safi kama kimepigwa jana, na alama ya kidole cha mtu imekauka ndani yake. Nilikaa nayo dakika nyingi kabla ya kuendelea.

Kisha chagua sehemu moja isiyoonekana sana, tuseme ukingo wa chini wa buti. Lowesha msasa wa 800, usugue kwa kuzungusha kidole kimoja pahala padogo kama sarafu, halafu ulainishe kwa 1500. Utaona pete zinajitokeza: nyeupe nje, kisha buluu, pengine praima ya kijivu au nyekundu katikati, kisha kijani, na mwisho bati. Pete ya kijani ndiyo unayoitaka. Usiipelekee dukani picha ya simu, kwani simu hubadilisha rangi. Peleka kipande chenyewe kinachofunguka. Kabla ya hapo kipake rabingi (dawa ya kung'arishia rangi) kidogo kwa kitambaa safi, maana rangi kongwe hufanya vumbi jeupe juu yake, na mashine ya kusoma rangi itasoma vumbi hilo. Sugua kwa maji wakati wote, usisugue kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Wasicheze karibu, na maji ya kusugulia yasimwagwe pale kuku wanapochakura.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kama utalisahau, mengine yote uliyosoma hapa ni kazi bure. Adui wako ni chumvi, na chumvi haionekani.

Chuma huoza kikipata maji na hewa pamoja. Hilo kila mtu analijua, na ndiyo maana wengi wanadhani gari iliyokaa bandani, isiyonyeshewa, imesalimika. Lakini wewe uko Wete, bahari iko chini yako, na upepo wa kusi na wa kaskazi wote wawili huja umebeba chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu ukifika kiasi cha asilimia 75, na unyevu wa visiwani hupita hapo siku nyingi za mwaka. Umeona kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika kinavyoganda, mpaka mtu hutia punje za mchele ndani. Hivyo hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya vizingiti vya milango ya gari yako, ila pale hakuna mchele. Tena chumvi ya bahari ina chumvichumvi nyingine ndani yake, ile ya magnesi, ambayo hunywa maji hata hewa ikiwa kavu, kwenye asilimia 33 tu. Kwa hiyo bati lenye chumvi ya bahari kwetu halikauki kamwe. Na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na hutoboa ule utando mwembamba unaokilinda chuma, basi kutu hukimbia.

Malengelenge uliyoyaona yanatoka huko huko. Ukikata vitunguu vya kachumbari ukavitia chumvi, baada ya dakika chache maji yanajaa bakulini, kwani chumvi imeyavuta. Rangi ni kama ngozi ya kitunguu: kwa macho imeziba, lakini unyevu hupita ndani yake polepole. Ikiwa chini ya rangi pamebaki chembe za chumvi, zitavuta maji kutoka nje mpaka rangi ivimbe. Ukilipasua lengelenge utakuta tone la maji na doa la kutu. Kupiga rangi nyingine juu yake hakubadilishi lolote. Rangi nene zaidi, hata ile ghali, itavimba vile vile, pengine ikachelewa mwezi.

Nimelijua hili kwa kuumia. Nilipokuwa kijana nilipiga rangi gari ya ami yangu, nikaikwangua vizuri mpaka bati likawa jeupe, nikaisuuza kwa maji ya kisima cha karibu na pwani, nikaianika, nikapiga. Ikatoka nzuri mno, watu wakaja kuitazama. Haikutimia miezi minne, boneti ikaota vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nilidhani nimeuziwa rangi mbovu. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeiosha gari kwa maji ya chumvi, kisha nikaifungia chumvi ile ndani.

Kwa hiyo fanya hivi. Usipige grenda gari nzima. Bati la Minor ni zuri lakini moto wa grenda hulipinda, na diski hupita juu ya vishimo vya kutu ikavisugua midomo tu, chini kutu na chumvi vikabaki. Kwangua kwa mkono, sehemu moja moja, kwa dawa ya kutoa rangi, kikwanguo na brashi ya waya. Penye vishimo chokonoa kwa ncha ya chuma. Kwa vitu vidogo, kama mabano, bawaba na vifuniko, tia kwenye ndoo ya maji na asidi ya sitriki usiku mmoja. Ni asidi ile ile ya ndimu, na bibi zetu wamesafisha shaba kwa ukwaju na ndimu kabla hatujazaliwa. Usichanganye na springi au bolti zinazobeba uzito, kwani asidi huweza kuzifanya zikatike ghafla.

Baada ya kutu kutoka, osha. Hapa ndipo wengi hufanya haraka. Osha kwa maji ya mvua. Masika ikija tega mapipa chini ya paa, uache mvua ya kwanza ioshe bati, ndiyo ukinge. Suuza sehemu hiyo mara tatu au nne, ukisugua kwa brashi ya plastiki ndani ya vishimo, ifute, iache jua liikaushe. Kisha iache usiku mzima bila kuipaka kitu, ikiwa imefunikwa na paa tu. Asubuhi itazame kwa karibu. Ukungu mwepesi wa kutu ulioenea sawasawa ni unyevu wa kawaida, utaufuta kwa msasa mwembamba. Lakini ukiona nukta za manjano au za hudhurungi zimejitokeza ndani ya vishimo, kama vichwa vya pini, chumvi bado imo. Rudia kuosha. Mimi nimewahi kurudia mara tano kwenye mlango mmoja.

Ikipita usiku bila nukta, siku hiyo hiyo ipake praima ya epoksi, kwa brashi ikiwa huna kompresa, ukivaa glavu na barakoa ya mvuke wa kemikali. Epoksi hushikamana na bati na huzuia unyevu kuliko praima za kawaida. Puti, ikihitajika, iwe juu ya epoksi wala isiwe juu ya bati tupu, na iwe nyembamba. Puti hunywa maji kama sifongo. Kujaza kizingiti kilichooza kwa puti ni kuweka sifongo ya chumvi ndani ya gari.

Na vizingiti hivyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi kwako. Minor ya saluni haina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo kiunzi, na vizingiti vya chini ya milango ni sehemu ya uti wake wa mgongo. Ingia chini, gari ikiwa juu ya stendi imara, usitegemee jeki pekee. Gonga kwa bisibisi kwenye vizingiti, kwenye boriti inayopita chini ya sakafu ya mbele, pahala pa kuwekea jeki, na hasa pale springi za nyuma zinaposhikana na bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza, au bisibisi huingia. Palipoingia bisibisi si pa puti wala pa kazi ya jioni. Muite fundi anayechomelea kwa mashine ya mig na aliyewahi kushona bodi za aina hii. Mwambie mambo mawili: kizingiti kikatwe kimoja baada ya kingine, visikatwe vyote kwa pamoja, na milango ibaki imefungwa mahali pake muda wote wa kuchomelea. Nafasi kati ya mlango na nguzo ndiyo kipimo chako. Ikianza kubana upande mmoja, gari inajipinda, simamisha kazi. Nimeona Minor ikitoka gereji na vizingiti vipya, milango haifungi tena mpaka leo.

Ukimaliza, ndani ya vizingiti na milango mimina nta ya kuzuia kutu, ile inayotambaa yenyewe. Mafundi wa majahazi walipaka mbao za juu sifa, mafuta ya papa, na chini deheni, ili bahari isikutane na mti. Nta ya ndani ya vizingiti ni kazi ile ile. Hakikisha tu matundu ya kutolea maji chini ya milango yamebaki wazi. Mengi huzibwa na rangi, na maji yakikosa njia hukaa.

Sasa rangi yenyewe. Kabla hujanunua, jua kilichopo juu ya gari. Lowesha kitambaa kwa tina ya selulosi (dawa ya kuyeyushia rangi), ukibane pahala padogo dakika moja. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ni selulosi. Ikikunjamana, ni sintetiki. Isipofanya kitu, ni ile ya kisasa yenye hadina, dawa inayochanganywa ili rangi igande. Ni muhimu kujua, kwa sababu ukipiga selulosi juu ya sintetiki, tina huinyanyua ile ya chini na gari nzima hukunjamana kama ngozi ya maziwa.

Kwa gari yako naona njia mbili za kweli nyumbani. Sintetiki ndiyo iliyokuwa asili yake, ni ya bei nafuu, inajaza vizuri na mng'aro wake ni ule ule laini. Tabu yake hukauka polepole, na usiku mmoja wa Pemba unatosha kuijaza mbu na vumbi. Kiwandani ilipigwa kisha ikaokwa kwenye tanuri. Wewe huna tanuri. Selulosi hukauka upesi, ukikosea unasugua na kurudia, na baada ya kuisugua kwa rabingi hutoa sura ya zamani kabisa. Nayo ina tabu yake kwetu: tina ikiruka hupoza bati, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua juu ya rangi ikiwa bado mbichi, ikabaki na ukungu mweupe. Kuna tina ya kuchelewesha inayosaidia. Dawa kubwa zaidi ni kuchagua wakati. Piga wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, kuanzia saa 3 asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla ya saa 6, kwenye banda lililozungushiwa turubai upande wa kusi na lililomwagiwa maji sakafuni ili vumbi litulie. Hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna swichi ya cheche karibu. Mvuke wa selulosi huwaka. Mimi kwa Minor ningechagua selulosi, kwa sababu inamsamehe anayejifunza. Lakini ikiwa rangi zote za zamani zimetoka na umepata siku za utulivu, sintetiki italingana zaidi na ile 1 iliyo kwenye kibati.

Ile ya kisasa yenye hadina usiipige nyumbani. Hadina yake ina kemikali zinazoitwa isosaineti, ambazo huweza kumtia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haizizuii hata kidogo. Anayeipiga anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ukitaka hiyo, mpelekee mwenye chumba na vifaa. Na ukikohoa au kifua kikabana baada ya kupiga rangi yoyote, acha kazi, nenda hospitali, na uwaambie ulikuwa ukitumia nini.

Mambo madogo yanayoifanya gari ionekane ya kiwandani ni mengi, nitataja machache. Injini za Minor zilipakwa kijani, kwa hiyo usishangae ukikuta kijani chini ya grisi. Ringi zilikuwa za chuma za inchi 14, zimepakwa rangi, na kilichong'aa ni vifuniko vyake vya katikati. Na tazama nguzo nyuma ya mlango. Minor za miaka yako hazikuwa na indiketa za kumwekamweka. Zilikuwa na vijimkono vinavyochomoka ubavuni vikiwa na taa ndani, mpaka zilipobadilishwa 1961. Waliozipiga rangi za baadaye mara nyingi waliziba nafasi hizo kwa puti. Ukikuta umbo refu la mstatili limevimba chini ya rangi, lichokonoe polepole. Huenda kijimkono bado kimelala ndani. Kirudishe, kifanye kazi, lakini indiketa za kawaida usizitoe. Dereva wa bodaboda hajui kijimkono ni nini, na barabarani uhai unatangulia asili.

Jambo moja la umeme kabla hujafunga betri: Minor zilitoka kiwandani na upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na gari za leo. Huenda fundi wa zamani alibadilisha. Fuata nyaya kwa macho kwanza. Ukikosea, redio au kifaa chochote cha kisasa kitaungua siku hiyo.

Na gari hiyo isisogee kwa nguvu zake, hata hatua mbili barazani, kabla mtu anayezijua hajakagua breki na miguu ya mbele. Tanki dogo la breki liko chini ya sakafu kwa dereva, na baada ya miaka 11 raba zake zimekufa. Mguu wa mbele hushikiliwa na uzi wa skrubu unaozunguka ndani ya kizibo chake kila unapopiga kona, na uzi huo ukikosa grisi huliwa mpaka gurudumu hulala chini ya gari ghafla. Hapo pia usijifunzie. Ukifungua drami za breki, usipulize vumbi lake. Likusanye kwa kitambaa chenye maji, kwani bitana za zamani zilikuwa na asbesto. Na mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi mpya huila, basi kazi ya breki iishe kabla ya kazi ya rangi.

Umeniuliza uanzie wapi. Jioni ya kwanza usishike msasa. Chukua daftari na simu, upige picha kila upande, kila bolti isiyo ya kawaida, kila waya, na vitu vya baba alivyoongeza kwa mkono wake. Vingine huenda utaamua kuviacha, na ni haki yako, hata kama kiwanda hakikuviweka. Mifuko midogo ya plastiki na kalamu iwe karibu, kila skrubu na jina la ilipotoka. Jioni ya pili fungua kibati na kadi moja ya mlango. Ya tatu, zile pete za rangi kwenye ukingo wa buti. Ukishaipata pete ya kijani, ilowe maji ili iwake, umwite mama aje aitazame mchana, nje, kwenye mwanga wa jua, kabla hujaenda dukani kuchanganya.